Wamama wa Kitenge Kimoja

Sura za watu hazinikai kichwani. Macho hayana pazia, husema wahenga. Yangu hayana hata kumbukumbu. Utotoni kijijini Kibumba niliwapita shangazi zangu bila salamu, wakasema nina kiburi. Kiburi! Mimi niliyeogopa kila mtu asiyefungua mdomo.

Watu niliwajua kwa sauti, mwendo na nguo. Mama alilielewa hilo. Tulikuwa wawili tu nyumbani, na yeye hakusahau uso hata mmoja. Angemtambua mtoto wa mteja wake wa viazi aliyemwona mara moja akiwa mgongoni. Sikukuu za parokia ndizo zilinitesa, kwa kuwa wamama wote wa kikundi chake walivaa kitenge kimoja na kufunga kitambaa kimoja. Hapo nilisimama tu mlangoni mwa kanisa hadi mama aniite kwa jina la mapenzi ambalo kwetu mama humwita mwanawe: "Papa, niko hapa."

Mabomu yalianguka siku kama hiyo, misa ikiisha. Tulikimbia kuelekea Goma, mimi nikifuata kile kitenge. Karibu na Munigi, mwanamke niliyekuwa nikimfuata aligeuka akaniuliza mtoto wake yuko wapi. Haikuwa sauti ya mama.

Nilimtafuta mama katika kambi ya wakimbizi, nikiita hadi koo likakauka. Wamama wa kikundi chake walikuwa wametawanyika. Mwishowe nikaenda morge, chumba cha maiti. Mlinzi alifunua shuka. Kitenge kilikuwa kile kile.

"Ni mama yako?"

"Sijuwe, muzee."

"Angalia muzuri. Damu ni nzito kuliko maji."

Niliangalia. Pua, midomo, kipaji cha uso. Niliona kila kitu na sikumwona mtu. Nilitafuta kovu, mama hakuwa na kovu. Maiti haitembei wala haisemi. Nilimwomba Mungu anisaidie, akanyamaza naye.

"Mutoto gani hajuwe mama yake?" mlinzi alifoka. Nyuma yangu watu walikuwa wakilia, wakingoja zamu yao.

Nikasema ni yeye. Tulimzika siku hiyo hiyo.

Mpaka leo, nikiona kitenge kile sokoni, nasimama mbele ya aliyekivaa ili anione vizuri. Mama angenitambua. Wanawake hao hunitazama kidogo, kisha wanapita.