Maji Yasiyolala

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya mtaa wa Kasulo ilikuwa na vyumba viwili na shimo moja. Shimo lilikuwa katika chumba cha wazazi. Baba alisogeza kitanda ukutani, akavunja sakafu, akaanza kushuka kutafuta mawe yenye madini, kama walivyofanya karibu majirani wote wa barabara yetu. Mama alitundika pazia la maua mlangoni mwa chumba hicho ili wageni wasione udongo. Lakini wageni nao walikuwa na udongo wao nyumbani, kwa hiyo pazia lile halikuficha kitu.

Shimo lenyewe sikuliogopa. Niliogopa ukimya wake. Asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye mkeka na chai yangu kabla ya kwenda shule, nilimsikia baba akigonga chini yangu, ndu, ndu, ndu. Akigonga, nilitafuna. Akinyamaza, niliacha kutafuna, mkate ukabaki mdomoni. Akigonga tena, nilimeza. Hakuna aliyelijua jambo hili. Nilikuwa mtoto wa aibu, na mtoto wa aibu akila polepole watu husema ana adabu.

Kaku, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake baba, alikuwa akiishi Lubudi karibu na reli. Wazazi wake waliletwa zamani kutoka Kasai kufanya kazi, wakabaki. Alilima mihogo na mahindi huko, na kila alipokuja kwetu alileta unga na miiko yake. Mwiko alioupenda zaidi ulihusu ndoto. Siku moja, tukimenya karanga, alituambia:

"Ndoto mubaya, usianze kuiambia mutu. Ukiamuka, usijibu hata jambo ya mama yako. Unaenda ku mto, unaiambia mayi, mayi inaenda nayo. Ukianza na mutu, umeipanda. Itamea."

"Na kama mto iko mbali?" mama akauliza.

"Basi ulote ndoto ya muzuri."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Niliyaweka maneno yale moyoni kama mtoto anavyoweka kila kitu, bila kuyapunguza.

Baada ya Kaku kurudi Lubudi, ndoto ilinijia. Niliona chumba cha wazazi kimekuwa kizuri. Sakafu ilikuwa nzima, laini, imefagiliwa, na kitanda kimerudi mahali pake pa zamani. Chini hapakugonga mtu, na juu baba hakuwepo.

Niliamka nikajua la kufanya, ila mto haukuwepo. Bomba la mwisho wa barabara lilikuwa kavu. Maji pekee yalikuwa kwenye dumu letu, bidoni ya njano karibu na mlango, ambayo mama alikuwa ameibeba kichwani kutoka mbali. Kabla mtu hajanisalimu nilifungua kifuniko, nikaweka mdomo kwenye shingo ya bidoni, nikaieleza yote. Sauti yangu ilinirudia nzito, kana kwamba ndani kulikuwa na mtu anayeitikia. Nikafunga. Nilitembea mwepesi hadi mchana.

Mchana mama alimimina maji yale kwenye sufuria, akapika bukari, ugali wetu.

Baba alitoka shimoni, akanawa, akakaa. Alimega tonge, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo, akameza. Nikaiona ndoto yangu ikishuka kooni mwake. Nilitaka kupiga kelele, lakini kupiga kelele kungekuwa ni kumwambia mtu, na kumwambia mtu kungekuwa ni kuipanda. Kwa hiyo nilinyamaza, na nikaendelea kunyamaza. Shuleni sikujibu. Nyumbani nilikula kidogo tu, na sketi ya shule ikaanza kunizunguka kiunoni. Tumbo liliniuma kila asubuhi pazia la maua lilipofunguliwa.

Mama Ngalula, jirani yetu, alikuja kutoa ushauri.

"Batoto ya hapa bote iko na minyoo. Umupe dawa."

"Nimemupa. Minyoo imetoka, mutoto amebakia vile vile."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akanitazama, na kicheko chake kikaisha kabla ya kile cha jirani.

Sijui nani alimpelekea Kaku habari. Nilirudi kutoka shuleni siku moja nikamkuta ameketi juu ya mfuko wake wa unga. Hakuniuliza neno. Asubuhi iliyofuata alikaa kando yangu kwenye mkeka na chai yake. Baba aligonga, nikatafuna. Baba akanyamaza, nikaacha. Kaku aliniangalia, akaliangalia pazia, naye akaacha kutafuna. Tukangoja pamoja. Ndu, ndu. Aliniacha nimeze kwanza, ndipo akameza yeye.

Kesho yake aliniamsha kwa kunigusa bega, akaweka kidole juu ya midomo yake. Tulitoka bila kumsalimu mtu. Mwanga ulikuwa ndio kwanza unaanza, na mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya mlango alitushangaa tulivyompita kama watu wenye kiburi.

Mto mdogo wa kwanza tulioufikia ulikuwa mwekundu. Vijana walikuwa ndani yake mpaka magotini wakiosha mawe.

"Kaku, karibu!" mmoja akapiga kelele. "Umetuletea mawe?"

"Mawe muko nayo tayari mu bichwa," Kaku akajibu, maana mwiko ulikuwa wangu, si wake. Vijana wakacheka sana, wakamrushia mwenzao maji. Kaku akaniinamia: "Mayi ya hapa iko na mizigo yake. Tuendelee."

Tuliendelea. Njia ilipanda kidogo kati ya nyasi ndefu, na umande ukanilowesha miguu. Mwanzoni nilikuwa nikisikiliza chini, kwa mazoea, kama vile baba alikuwa akigonga hata huko. Kisha nikaanza kusikia ndege, na viatu vya Kaku vikipiga visigino vyake. Nilipopata jasho, nikagundua kwamba nina njaa. Nilikuwa nimesahau njaa ilivyo.

Juu kule mto ulikuwa mweupe, unapita kwenye mawe madogo ukisema peke yake. Kaku alivua viatu, nami nikavua. Maji yalikuwa baridi hata nikavuta pumzi kwa nguvu.

"Toa pumuzi yote kwanza," akasema. "Tena. Sasa sema polepole. Mayi haina haraka ya kusikia, iko na haraka ya kuenda."

Akanigeuzia mgongo, akaenda kuchuma ukingoni lumba-lumba, majani ya kunukia ya kuchemshia chai, akiimba kwa pua ili asinisikie. Nikayaambia maji habari ya sakafu nzima na kitanda kilichorudi mahali pake. Nilipomaliza nikaanza kulia, kwa sababu nilikumbuka kwamba nimechelewa.

"Kaku, baba aliikula."

"Alikula nini?"

"Ndoto. Niliiambia bidoni, mama akapika nayo bukari."

Kaku alinitazama. Kisha akakaa chini kwenye nyasi na majani yake mkononi, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea.

"Mutoto wangu! Mayi ya mu bidoni inalala. Yenye kulala haipeleke kitu, haifikishe kitu. Na ndoto ya kupikwa inaenda wapi? Inaenda mu choo, na bukari yake!"

Nilicheka nikiwa bado nalia. Ni jambo gumu kufanya ukiwa umesimama mtoni.

"Sasa tunarudi," akasema, "na utamuambia baba yako."

"Mi? Lakini ulisema tusiambie mutu!"

"Nilisema usianze na mutu. Sikusema uishie ku mayi. Mayi imebeba ndoto. Woga imebakia, naiona ku macho yako. Ile inabebwa na batu."

Njia ya kurudi nilijaribu maneno mengi, yote yakanishinda. Tulimkuta baba ameshajifunga kamba kiunoni na tochi kwenye paji la uso. Kaku alisimama nyuma yangu. Sikuona njia ya kukimbia, maana mlango ulikuwa mmoja na Kaku alikuwa mnene.

"Baba," nikasema, "ukinyamaza kule chini, mi nashindwa kumeza."

Alizima tochi. Alikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia ndani, na huko nje mama akaacha kuosha sahani.

"Unajua juu ya nini ninanyamazaka?" akauliza. "Niko nasikiliza miguu yenu. Nikisikia munatembea, najua juu iko muzima. Ndio napata nguvu ya kugonga tena."

Basi kumbe tulikuwa tukisikilizana, mmoja juu na mwingine chini, kila mmoja akingoja mwenzake. Tangu siku hiyo, akinyamaza, nilipiga kisigino sakafuni, naye akajibu kwa nyundo. Kaku alitupikia chai ya lumba-lumba kila jioni, akamlazimisha baba anywe nasi. Wiki ile nikaanza kusema shuleni, kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Maji ya mto hayakulifukia shimo letu. Mvua za kwanza zilipopiga bati, nilimwambia baba kwamba naogopa mvua, na safari hii sikuhitaji mto. Alipanda juu, akaweka nyundo chini ya kitanda. Baadaye, mashimo yalipolowa, ukuta wa Mama Ngalula ulipasuka kutoka juu mpaka chini, wakati hakuna mtu ndani, na baba akalifukia shimo kwa mikono yake. Kitanda kilirudi mahali pake pa zamani. Sakafu ilikuwa nzima, kama nilivyoiota, na baba alikuwa juu yake, akilalamika kwamba mgongo unamuuma.

Siku hizi mume wangu anaendesha lori la mgodini. Simu yake isipopatikana, nasikia ule mkate wa zamani mdomoni. Lakini sikai nao. Natoka natembea mpaka nipate jasho. Namwagilia lenga-lenga zangu, mchicha wa kwetu, nyuma ya nyumba, nalegeza mabega, natoa pumzi yote kabla ya kuvuta nyingine. Jioni nachemsha lumba-lumba. Na mume wangu akirudi, namwambia: leo nilikuogopea. Watu wa aibu kama mimi huishia mtoni. Huyaambia maji, huyaambia majani, hurudi nyumbani wepesi kidogo na bado peke yao. Kaku alinipa nusu ya pili ya mwiko, na hiyo ndiyo iliyonilea.

Binti yangu naye ameanza kuamka asubuhi nyingine akiwa kimya, midomo imebanwa, macho yakinifuata chumbani. Simuulizi kitu. Natafuta viatu vyetu.