Matundu Mawili Kwenye Diploma ya Mama

Nilichukua diploma ya mama yangu, ile yenyewe, siyo kopi, ile yenye muhuri wa kubonyezwa ambao ukipitisha kidole unausikia, nikaipeleka kwenye duka la fotokopi la Umbilo Road. Nikaifunikisha plastiki. Nikaitobolesha matundu mawili kwa juu, nikaitia kamba ya shingoni kama beji ya mlinzi. Nilifanya hivyo nikiwa na akili timamu, asubuhi kweupe, nimeshiba. Sikutumwa na mtu. Nasema mapema ili usifike katikati ukaanza kutafuta wa kumlaumu. Kuna watu wengine wa kutia kinyaa humu ndani, utawaona, lakini mkubwa wao ni mimi.

Kilichoniwasha ni dada mmoja wa chuo.

Mama anasuka nywele. Bukavu alisoma miaka mitano, sayansi ya lishe, akapata ile digrii wanayoiita lisanse. Hapa Durban wateja wanamwita "sisi," yaani dada kwa lugha ya hapa, na kumwonyesha picha kwenye simu: nataka hii, usinivute sana. Ijumaa moja nilipita saluni kuchukua ufunguo wa nyumba, nikamkuta anamsuka huyo dada, mpangaji wa chumba mtaa wa Glenwood, anayesoma masta. Dada alikuwa anamweleza mama utafiti wake kwa Kiingereza cha kukatakata, kama mtu anayemsemesha mtoto mwenye homa.

"Sisi, mtoto anahitaji protini. Unajua protini? Iko kwenye maharage. Ma-ha-ra-ge."

Mama akasema, "Asante, sikujua." Akaendelea kusuka.

Nilichefukwa. Dada nilimwelewa, ndio kwanza amekijua kitu, lazima kimtoke. Iliyonishinda ni ile "sikujua." Mama yangu hujua uzito wa chumvi kwenye sambusa kwa kuiangalia tu.

Basi nikapanga mzaha. Mama atavaa diploma yake shingoni, na mteja yeyote atakayekaa kwenye kile kiti atasoma kwanza kabla ya kufundisha.

Mwenye duka la fotokopi ni mzee wa Tanga, mtu wa kofia na udi. Akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Ya nani hii, mwanangu?"

"Ya mama."

"Mwenyewe ana habari?"

"Ni sapraizi, mzee."

"Hm. Cheti cha mtu msomi hakitiwi plastiki hivi hivi."

"Mzee, hiki kimetoka Bukavu kimepita nchi nne ndani ya mfuko wa sukari. Wacha na chenyewe kikae mahali pasafi."

Akacheka. Huo ndio ugonjwa wangu: watu wakishacheka, wananifanyia ninachotaka. Na tuseme kweli, sisi tuliohama tunafunika kila kitu plastiki. Kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa, picha ya bibi, mpaka barua ya kipaimara. Karatasi isiyo na plastiki kwetu ni kama mtoto asiye na shati. Diploma peke yake mama hakuwahi kuifunika, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Jumamosi saluni ilijaa. Nikaingia kwa mbwembwe, nikasimama nyuma ya mama, nikamvika. "Mabibi na mabwana, msomi wenu!" Watu wakaangua kicheko, simu zikatoka, picha zikapigwa. Yule dada wa protini hata hakuwepo. Mama akainamisha macho akaona ni nini kinachoning'inia kifuani pake. Hakuweza kukivua, mikono yote ilikuwa na jeli na nywele za mtu. Akasuka mstari ule mpaka mwisho, diploma ikimgongagonga tumboni kila akiinama. Ndipo akapangusa mikono, akaivua, akaingia chumba cha nyuma. Sikusikia kelele. Ningesikia kelele ningejua niko salama.

Jioni niliona kwa nini alinyamaza. Juu ya meza kulikuwa na kurasa nne zilizopigwa chapa: masharti ya kujiunga na masta ya afya ya jamii. Mwisho wa kupokea maombi, Ijumaa ijayo. Pembeni mama alikuwa ameweka alama za penseli, vema moja baada ya nyingine. Kumbe kwa miezi mingi alikuwa anatafuta makaratasi, na hakumwambia hata jirani.

Nilizisoma zote nimesimama, na kila nilivyosoma nilizidi kuchukia. Aliyeyaandika masharti yale hajawahi kuhama hata nyumba. Anataka barua za walimu wawili waliokufundisha. Mmoja wa walimu wa mama ameshazikwa, wa pili alipatikana Bujumbura kwa msaada wa mashemeji watatu. Anataka orodha ya alama za kila mwaka, na kama ni ya Kifaransa, itafsiriwe na mtu aliyeapishwa na mahakama. Anataka ushahidi kwamba unajua Kiingereza, na anamdai mama, mtu anayelipa kodi, anayegombana na mwenye nyumba na anayempeleka mwanawe kliniki kwa Kiingereza. Anataka ukurasa mzima wa kueleza kwa nini unataka kusoma. Mama aliandika kurasa tatu, akakata mpaka moja. Zile mbili alizozikata nilizikuta zimekunjwa, sikuzifungua. Angalau hilo sikulifanya.

Kisha sharti la sita: cheti chenyewe kionyeshwe, pamoja na kopi iliyogongwa muhuri polisi kwamba inalingana nacho. Cheti kilichofunikwa plastiki hakitapokelewa.

Hapo penseli haikuwa imeweka vema. Ilikuwa imetoboa karatasi.

Jumapili, mama alipokwenda ibadani, nikachukua mashine yake ya kukaushia nywele na wembe. Kuna fundi kwenye simu anayeonyesha jinsi ya kubandua. Pasha plastiki, ingiza wembe pembeni, vuta taratibu. Nyumba ilinuka kama kiatu kilichoanguka motoni. Pembe ya kwanza ilibanduka, na wino wa sahihi ya rekta wa chuo ukabanduka nayo, ukabaki umeng'ang'ania kwenye plastiki kama mguu wa mende. Nilikuwa bado naukodolea macho ule wino, mlango ukafunguka.

"Wacha," mama akasema.

Neno moja hilo, na lilikuwa la mwisho kwangu mpaka kesho yake. Alimsemesha paka wa jirani. Aliisemesha redio.

Jumatatu nilidhani nakwenda shule. Mama akanishika mkono wa shati, nikiwa na sare yangu, tukaenda polisi. Kwa wasioijua nchi hii: hapa kopi haiaminiki mpaka askari ailinganishe na mama yake, ile karatasi halisi, na kuigonga muhuri. Kila asubuhi kituoni kuna foleni mbili, moja ya walioibiwa na moja ya wenye makopi, na ya makopi ndiyo ndefu.

Askari wa kaunta alikuwa anakula andazi la nyama ya kusaga. Alikuwa anakilamba kidole ndipo anafungua karatasi ya mtu, halafu anakifutia kwenye sponji ya muhuri, halafu anakilamba tena. Cheti cha ndoa cha mama mmoja mbele yetu kiliondoka na duara la mafuta. Nikataka kusema kitu. Nikakumbuka mimi ndiye niliyetoboa.

Akaichukua diploma, akaipapasa.

"Mama, siwezi. Muhuri wa chuo lazima niusikie kwa mkono. Hapa nagusa plastiki." Akaiinua kwenye taa. "Na haya matundu?"

Mama akanyoosha kidole. Kwangu.

Askari akaacha kutafuna. "Eish. Wewe?"

"Mimi."

"Basi andika hati ya kiapo. Useme ilikuwaje. Chuo kikikubali, sawa. Kikikataa, mimi simo." Akanisukumia fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Siyo mama. Aliyefanya ndiye anaapa."

Nikaandika. Mimi ndiye mwandishi wa Kiingereza nyumbani, barua zote za mwenye nyumba naandika mimi. Nikaandika vizuri kabisa kwamba cheti "kiliharibika kwa bahati mbaya kilipokuwa kikitunzwa." Nikampa. Akasoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia, akaweka kile kidole cha mafuta juu ya neno.

"Bahati mbaya? Ajali gani hii inayopima katikati na kutoboa matundu mawili sawasawa?"

Watu wakacheka. Mara ya kwanza maishani mwangu kicheko hakikunisaidia kitu. Nikaandika upya: nilifunika cheti kwa nia ya kukihifadhi. Akasoma.

"Na matundu?"

"Ya kutia kamba ya kuning'iniza."

"Kuning'iniza wapi, bhuti, ndugu yangu? Ukutani?"

Nikamwangalia mama. Alikuwa anasoma bango la watu waliopotea.

"Kwenye shingo yake."

Nyuma yetu kulikuwa na mwanamume wa bandarini, bado amevaa fulana yake ya kung'aa. Hakucheka. Akauliza taratibu, kama anayetaka kujua kweli:

"Ulimwekea mama yako lebo? Kama kontena?"

Niliiona tena saluni: simu zimeinuliwa, na mwanamke mwenye mikono ya jeli hawezi kujivua. Mimi ndiye niliyemvika, nikageuka kuangalia kama watu wanacheka. Kinyaa chote nilichokuwa nimewagawia dada wa chuo na askari na waandishi wa masharti kilinirudia chote.

Mara ya tatu niliandika hivi: nilichukua cheti cha mama yangu bila ruhusa, nikakifunika plastiki na kukitoboa, nikamvika mbele ya wateja wake ili watu wacheke. Yeye hakujua. Cheti ni cha kweli. Alikifanyia kazi miaka mitano.

Askari hakusoma kwa sauti. Akafuta mkono kwenye suruali, akasimama, akanitaka na mimi nisimame wima. Wana maswali matatu, wanamuuliza kila mtu, na husemwa haraka kama konda anavyotaja vituo. Yeye aliyasema polepole.

"Unayaelewa uliyoandika?"

"Naelewa."

"Una pingamizi la kula kiapo?"

"Sina."

"Unakiona kiapo hiki kinaifunga dhamiri yako?"

Siku nyingine yoyote ningemuuliza kama dhamiri nayo itatobolewa. Nikasema, "Ndiyo." Akagonga muhuri, pa, mpaka wino ukaruka.

Chuo kiko juu kilimani. Tulipanda kwa miguu, mama mbele na mimi nyuma na faili, mpaka ukigeuka unaziona winchi za bandari chini. Ofisi ya kupokea maombi ilikuwa na dirisha la kioo na mwanamke mwenye kucha ndefu za bluu. Alimwona mama, akasikia anavyozungumza, akaanza kukatakata maneno.

"Ma-ma. Hapa ni ma-sta. Siyo ku-sa-fi-sha. Kazi za usafi waulize langoni."

Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

"Najua hapa ni wapi," akasema kwa Kiingereza, akaanza kupanga makaratasi kwenye kaunta, moja moja, akitaja namba ya sharti bila kuangalia kurasa. La kwanza, la pili, la tatu. Barua ya mwalimu aliye hai, na hati ya kifo ya asiye hai, pamoja na barua ya aliyekalia kiti chake. Tafsiri zenye mihuri. Alipofika la sita aliweka diploma, na juu yake kiapo changu. Sauti haikubadilika. "La sita lina kasoro. Maelezo yako hapo. Nimeshawaandikia chuo cha kwetu wawatumie uthibitisho moja kwa moja. La saba."

Yule mwanamke akasoma kiapo. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akasoma tena. Alipozungumza na mama tena, alizungumza kama watu wanavyozungumza.

"Sitakudanganya, mama. Wamewahi kukataa kwa plastiki tu. Hii itakwenda kwenye kamati, siyo mimi ninayeamua. Jibu ni baada ya wiki sita." Akagonga "IMEPOKELEWA" kwenye kila ukurasa, hata kwenye kiapo changu, akampa mama risiti.

Tulishuka. Nilihesabu mageti. Nilitafuta mzaha, kwa mazoea tu, sikupata, na ningepata ningeumeza. Nilitaka kuomba msamaha lakini kila sentensi niliyoianza kichwani ilinuka kama kile kiapo cha kwanza nilichomwandikia askari, kile cha bahati mbaya. Chini, kwenye roboti ya Umbilo Road, ndivyo wanavyoita taa za barabarani hapa, ilikuwa nyekundu. Mama akasimama. Akaikunja risiti mara mbili, akaiingiza kwenye sidiria, mahali anapoweka vitu ambavyo mimi sivigusi. Bila kunitazama, akasema:

"Wakinikubali, jioni nitakuwa darasani, utapika siku tano. Wakinikataa, utapika siku saba. Na fufu yako nisikute mabonge."