Mistari Mifupi ya Papa Faustin

Ofisini, kule mtaa wa Makiso, walimwita Citoyenne Bolumbu, yaani Mwananchi Bolumbu, maana miaka ile serikali haikutaka jina la ubatizo kazini. Kwa baba yake alibaki Émilie tu. Papa Faustin alikuwa ameongoza meli mtoni toka ujana, mpaka mtoto wa jicho alipomzima macho yote mawili. Kila alipoletewa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, alimuuliza binti yake habari za kazi.

"Tunajaribu pilote, papa."

"Pilote ya masua, kama mimi mutoni?"

"Hapana. Ni programu. Ordinateur ikitaka kuandika kwenye bande, ile pilote ndiyo inaongoza mashine."

Mzee alichekelea. "Donc, basi na wewe uko pilote!"

Mashine hiyo ya bande, utepe wa kuhifadhia maandishi, ilitoka Ubelgiji, imeshatumika, bila programu ya kompyuta ya kuiendesha. Émilie na mwenzake Édouard wakaitungia yao. Wiki nzima waliijaribu kwa mistari mirefu ya aaaa na bbbb, na kila kitu kilirudi salama. Lakini Émilie alichoshwa na herufi zisizosema kitu. Mama yake, Berthe, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na nyumba ilikuwa bado kimya mno. Basi akaandika, mstari kwa mstari, kisa alichokipenda baba yake: jinsi alivyokutana na Berthe gatini Yangambi.

Kisha akaiambia mashine isome. Maneno yakapanda kwenye kioo: kijana wa meli anaruka gatini, anateleza, anatumbukia matopeni mbele ya msichana mwenye kikapu cha ndizi za makemba. Papo hapo, wameshaoana.

"Kuna kitu kimepotea," Émilie akasema.

"Mbona naona iko sawa?" Édouard akauliza.

"Mama alicheka. Niliandika 'Akacheka.' Mustari ule hauko."

Wakautafuta hadi saa za kufunga. Mwishowe wakaelewa: mashine ilikuwa na kiasi chake cha chini cha herufi. Kipande kilichopungua hapo ilikidhania vumbi lililoshika bande, ikakiruka. Wao siku zote walikuwa wameipa mistari mirefu, wasijue. Kesho yake wakairekebisha pilote ijaze nafasi tupu nyuma ya kila mstari mfupi mpaka utoshe. Wakajaribu herufi moja peke yake, kisha pungufu kidogo ya kiasi, kisha kiasi chenyewe. Yote yakarudi. Halafu wakairudia hadithi, na "Akacheka." ikatokea mahali pake. Émilie akageukia dirisha. Édouard akasema anaenda kutafuta kahawa, ingawa alijua hakuna.

Jioni hiyo Émilie alimsomea baba yake karatasi iliyochapwa na imprimante. Papa Faustin alisikiliza, kidevu kifuani. Kwenye "Akacheka" akamzuia.

"Ongeza hapo."

"Niongeze nini, papa?"

"Hakucheka tu. Alitua kikapu, akanipa mukono anitoe. Mimi nikamuvuta, na yeye akaanguka. Na alikuwa amevaa robe ya kanisa, gauni nyeupe kabisa!"

"Mbona hukutuambia siku zote?"

"Mama yako alinikataza. Alisikia haya mbele ya watoto."

Akapapasa mezani mpaka akaupata mkono wa binti yake, akaushika. Émilie akachukua kalamu kwa mkono wa pili, akaanza kuandika pembeni mwa karatasi, na mzee akaendelea kumsimulia vile robe ile ilivyofuliwa mtoni, wao wawili wakiisugua kwa zamu.