Ng'ambo ya Daraja la Malmö

Preben alizaliwa Kopenhagen, na huko ndiko alikotengeneza baiskeli tangu ujana. Alipomwoa Luningning, Mfilipino, serikali ilikataa waishi pamoja Denmaki kwa kuwa bibi arusi hakuwa ametimiza miaka ishirini na minne. Wakahamia Malmö, Uswidi, ng'ambo ya daraja, walikoruhusiwa. Kila jioni Preben alisimama ufukweni akiitazama nchi yake.

Jumapili moja mama yake, Gerda, aliwatembelea.

"Kula, mama, umekonda," Luningning alimtania.

"Nikonde wapi, na mwili huu! Preben, rudini bwana. Nyumba imekuwa kimya mno."

"Mama, si ulikipigia kura chama kilicholeta sheria hii?" Preben aliuliza.

Gerda akaweka uma chini. "Nilikipigia. Walisema ni ya kuzuia wageni. Sikujua itaninyang'anya mwanangu."

"Na mgeni mwenyewe ndiye huyu anayekupakulia samaki," Luningning alisema kwa upole.

Gerda akamshika mkono. "Nisamehe, mwanangu."

Baadaye Preben alimsindikiza mama yake kituoni. Treni ilipoondoka kuelekea darajani, alibaki pale akitamani wangekuwa ndani yake, yeye na mkewe, wakirudi kwao.