Mvule Uliotiwa Dizeli

Wenzake walimwita Mama Vibao. Kila kibao cha bati kilichotundikwa kwenye miti ya bustani ile kongwe, iliyo juu kidogo ya bandari, alikigonga yeye kwa nyundo, herufi moja moja, miaka ishirini na miwili. Daftari la miti lilikuwa mikononi mwake pia: upi ulipandwa lini, upi uliangushwa na upepo, upi ulikufa kwa uzee.

Asubuhi moja alikwenda kukaza kibao cha mvule mkubwa, mti uliopandwa kabla babu yake hajazaliwa. Majani yalikuwa yamepukutika upande mzima, na harufu ikampiga puani kama yuko gereji. Akachutama. Karibu na mizizi, vipande vya sabuni ya kufulia vilikuwa vimeshindiliwa kwenye gome. Alichokonoa kimoja kwa ukucha. Kumbe kilikuwa kimeziba tundu! Ukachuruzika ute mzito, utomvu mweupe uliochanganyika na dizeli, na inzi wafu ndani yake. Alihesabu matundu tisa. Akatapika chai yote pale pale.

Ufunguo wa stoo ya drili na dizeli alikuwa nao mtu mmoja tu: msimamizi wa bustani, mdogo wake marehemu mumewe. Alimkuta ofisini anakula yai la kuchemsha.

"Shemeji, ule mvule umeufanya nini?"

Hata kutafuna hakuacha. "Mzee ule. Unaziba bahari. Wageni wa hoteli mpya hapo ng'ambo ya barabara wanataka kuona meli, si majani."

"Ndiyo ukautilia dizeli?"

"Punguza sauti basi. Wewe andika umekufa kwa ugonjwa, yaishe." Akalamba kiini cha yai kidoleni, akacheka. "Hatutakusahau. Si sisi ni ndugu?"

Alikitazama kidole kile kinachong'aa mate, mwili ukamsisimka kwa kinyaa. Akatoka bila kuaga. Kwenye daftari aliandika: "Mvule. Umetobolewa matundu tisa kwa drili, ukatiwa dizeli, ukazibwa kwa sabuni. Nimeona kwa macho yangu." Akatia sahihi, akalibeba mwenyewe hadi ofisi za mji.

Karani alisoma, akakohoa, akavaa miwani ya mbao. "Tutafuatilia, mama," alisema, huku analisukumia daftari kabatini.

Mwezi uliofuata mvule ulikatwa. Msimamizi akapandishwa cheo. Mama Vibao akahamishiwa vyoo vya getini, na ndoo na brashi. Kila siku aliosha uchafu wa watu wasiojua kuvuta maji. Jioni alijisugua mpaka ngozi ikawasha, lakini kilichomkosesha hamu ya kula hakikuwa vyoo.

Jumapili moja shemeji akabisha hodi nyumbani, amebeba mfuko wa machungwa, meno yote nje.

"Za siku nyingi, shemeji! Mbona umetususa?"

Akanyoosha mkono. Mama Vibao aliweka wake nyuma ya mgongo.

"Ndani huingii," alimwambia. "Nikikuona nasikia kutapika."

Shemeji alicheka peke yake, cheko likamwishia mdomoni. Akauacha mfuko kizingitini, akaondoka. Binti yake Mama Vibao alikuwa ameshaanza kumenya chungwa alipopokonywa.

"Mama! Machungwa yamekosa nini?"

Aliyabeba yote, hadi lile lililomenywa nusu, akayatupa jalalani. Kisha akarudi kudeki kizingiti, na shemeji hakukikanyaga tena.