Kitanzu Kisichokuwa na Mwenyewe

Kiti cha Mama Pilika kilikaa dukani miaka kumi na tisa bila kukaliwa, mpaka siku moja mwenye duka akamuuzia mteja kwa bei ya kiti kipya. Mama Pilika alikuja kugundua baada ya miezi. Alikuwa mbioni kati ya kaunta na ukuta wa droo, na njia yake ilikuwa imechimbika sakafuni kiasi kwamba paa likivuja, maji yalijua pa kupita.

Duka lilikuwa la vyuma vidogo vidogo: bolti, nati, parafujo, bawaba. Ukutani kulikuwa na droo mia mbili na kumi na mbili, kila moja na kikaratasi chake, kila kikaratasi na mwandiko wake. Kinyozi. Fundi Mbishi. Shangazi wa Geti. Mwenye Baiskeli ya Kuazima. Kusoma Mama Pilika hakujua, lakini vikaratasi alivijua kama sura za watu.

Jumatatu akaingia mpwa wa mwenye duka, maana magoti ya mjomba wake yalikuwa yamegoma. Alikuja na kompyuta, akaiweka juu ya meza ya ofisini iliyotetemeka kama ina homa.

"Mama, droo za vyuma mbona zina majina ya watu?"

"Hivyo ni vitanzu, baba."

"Vitanzu! Neno hilo nililiacha darasani."

"Basi lilitoka likanifuata, maana mimi darasani sikukanyaga."

Akamweleza huku akifuta kaunta iliyokwisha kufutwa. Bolti ni tawi. Mwanzoni zote zilikaa droo moja, kwa amani. Siku moja kinyozi akanunua ya kiti chake, akaenda, akarudi amenuna: siyo hii! Kumbe unene ni mmoja, meno mbalimbali. Ndipo ikafunguliwa droo mpya, na kinyozi akaandika jina kwa mkono wake, kama adhabu na kumbukumbu.

"Hicho ndicho kitanzu, kijitawi cha tawi," alisema. "Mtu asiporudi, hakizaliwi."

"Mimi kompyutani nataka makundi sitini tu. Mwisho Ijumaa. La sivyo, nitatafuta mtu mwingine wa droo."

Wiki hiyo Mama Pilika hakutulia hata mahali ambapo watu wote hutulia. Nyumbani binti yake alimbembeleza, "Mama, kaa ule," mwisho akamfuata na sahani, wakaizunguka nyumba mara nne mpaka wali ukaisha. Vijiko alivipanga, akavipangua. Akifukuzwa, mikono hii ataipeleka wapi? Alijiona amewekwa barazani kama mtungi, akisubiri kuulizwa kama amekunywa dawa.

Ijumaa ikafika, hajaunganisha droo hata moja. Mpwa akapita ukutani akinyoosha kidole.

"Hii?"

"Shangazi wa Geti. Alirudi mvua inanyesha, akanitukania ukoo."

"Hii?"

"Fundi Mbishi. Huyo alirudi mara tatu, mara mbili kwa ubishi tu."

Akauliza arobaini, zote zikajibiwa. Kisha akachuchumaa pembeni kabisa, palipokuwa na droo yenye kikaratasi kitupu na bolti kiganja kimoja.

"Na hii?"

Mama Pilika akaivuta aproni yake. "Hiyo... hakurudi mtu."

"Sasa?"

"Siku mbili hapakuja mteja. Mikono ikaniwasha. Niliona meno yake yamebanana kidogo, nikayatenga."

"Kumbe unagawa kwa kuwashwa tu! Nitajuaje na zilizobaki hukuzizua? Mchana tunamwaga zote."

Mama Pilika aliichukua droo ile mwenyewe akaimimina kwenye ya jirani, na mlio wake ukamwingia hadi kwenye magego. Mpwa akaokota bolti moja humo humo, akaenda ofisini kuikaza ile meza yake. Mama Pilika akasimama. Alisimama kweli, mpaka inzi akatua begani akidhani ni rafu.

Ikasikika spana. Ikasikika laana. Kisha kishindo, na mpwa akatoka na bolti mkononi.

"Mama, siyo hii!"

Akajisikia akisema maneno ya kinyozi.

Mama Pilika akameza kicheko kizima bila maji. Akazamisha vidole kwenye droo, akapapasa, akatoa bolti nyingine. "Jaribu hiyo."

Ikaingia. Meza ikatulia tuli kama imefiwa.

Mpwa aliporudi alikuta kikaratasi kitupu na kalamu vikimsubiri kwenye kaunta. Akatazama huku na huku, akaandika: Mpwa. Bolti zenye meno yaliyobanana zikachaguliwa moja moja, zikarudishwa kwao.

Kisha mpwa akaileta kompyuta kwenye kaunta, akaiwasha, akachapa "bolti", na chini yake "kitanzu".

"Haya, mama. Kaa hapa unitajie, tuanze na Kinyozi."

"Nikae wapi, baba?" akasema, keshafika katikati ya ukuta. "Kiti mjomba wako alishakiuza."