Godoro Kwenye Geti la Chuo Kikuu

Mtu akiniuliza chuo kikuu chetu cha hapa Arua, Uganda, kilianzaje, simwanzii serikalini. Namwanzia kwa baba yangu, ambaye alikuwa na ugomvi nacho kabla hata ya tofali la kwanza.

Baba ni askari mstaafu, mtu wa Koboko. Sisi ni wale Waislamu wa mjini ambao mababu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan, na kwetu jeshi halikutoka nyumbani hata baada ya sare kuvuliwa. Kila Jumamosi tulisimama kando ya vitanda vyetu, sahani na kikombe mkononi, naye akapita kutukagua kucha. Jeshini cheo chake kilikuwa sajini, nyumbani alikuwa jenerali. Bahati yetu, Mama alikuwa rais.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata barua ya kuitwa chuo kikuu, ng'ambo ya Nile, kusomea ualimu wa hisabati. Miaka ile barabara ya kwenda mtoni ilikuwa mikononi mwa waasi. Magari yalisindikizwa na wanajeshi, na hata hivyo mengine hayakufika. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hapana vuka," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshini.

Nililia, nikasusa chakula, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Barua sikuiona tena, na nilikuwa na hakika ameichoma. Niliolewa na fundi wa magari wa mtaa wa Onduparaka, nikazaa, nikafungua kibanda cha chakula, nikacheka sana maishani kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa. Lakini kulikuwa na jambo moja nililongoja: Baba aseme kwa kinywa chake kwamba alinikosea. Nilingoja zaidi ya miaka ishirini, na mimi si mtu wa subira.

Kisha chuo kikuu kikaja chenyewe mpaka kwetu. Nje kidogo ya mji, familia za eneo la Ayivu zilitoa mashamba yao. Wapimaji walipigilia vigingi katikati ya mihogo, na nyuma yao bibi mmoja akawa anang'oa mihogo yake taratibu, akiwaambia wasimharakishe: chuo kimesubiri tangu uhuru, hakitashindwa kusubiri mpaka Ijumaa. Nilimpenda palepale. Wiki hiyo hiyo nikahamishia kibanda changu kando ya ujenzi.

Waashi walikula posho, ugali wetu wa mahindi, na maharage yangu asubuhi na mchana, kwa hiyo nikisema nimeshiriki kujenga ghorofa ya kwanza, sitanii sana. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wachache, tuliwajua kwa sura na kwa madoido yao. Siku walipothubutu kucheza mpira na vijana wa Onduparaka walifungwa mpaka refa akaona haya. Baadaye ikaja maktaba, zikaja maabara, mabweni, sola juu ya mapaa. Kila muhula sufuria yangu ilionekana ndogo kuliko muhula uliopita. Wakati wa likizo nilikuwa nasimama kibandani nikiwakumbuka kama wanangu.

Baba peke yake ndiye aliyekataa kuamini. Kila alipokuja Arua kunitembelea nilimwonyesha, na kila mara alikuwa na dosari yake. Mwanzoni alisema, "Hii iko shamba tu na kibao." Maktaba ilipokwisha akasema, "Hii iko sitoo ya vitabu." Ghorofa tatu zikamtazama, naye akazitazama, akauliza, "Kambi gani hapana geti?"

Kwake, mahali pasipo geti, mlinzi na bendera hapajaanza. Unaweza kuweka maprofesa mia humo ndani, bado ni watu waliokutana porini.

Basi geti likajengwa. Nguzo mbili nene, kizuizi cha chuma, bendera juu, na mlinzi mwenye buti zinazong'aa. Baba alikuwa akipita kwenda kliniki ya macho mjini, maana macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akaomba gari lisimame, akashuka, akalisogelea geti mpaka pua ikakaribia chuma. Mlinzi alimtambua mwanajeshi kwa namna alivyosimama, akampigia saluti. Baba akarudisha saluti, akapanda gari.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nasugua sufuria nikaona bodaboda inakuja polepole, imefungwa godoro nyuma. Kati ya dereva na godoro alikuwa baba yangu amevaa koti lake la Idi, ndoo ya plastiki mkononi. Alipita mbele ya kibanda changu bila salamu, akaenda moja kwa moja getini. Nikamkimbilia na povu mikononi.

"Mimi naleta mutoto," alimwambia mlinzi.

"Mutoto iko wapi, mzee?"

Akaninyooshea kidole. Mimi hapo, miaka arobaini na zaidi, aproni kiunoni, nahema.

"Na barua iko," akasema. Akatoa mfuko wa nailoni ndani ya koti, ndani ya mfuko bahasha, na ndani ya bahasha barua yangu. Ilikuwa na doa la chai pembeni, doa nililolitia mwenyewe siku niliyoipokea. Sikujua nimkumbatie au nimpigie kelele, kwa hiyo nilishika ndoo.

Mlinzi alitupeleka ofisi ya usajili. Mama wa pale aliipokea barua kwa mikono miwili, akaisoma, akatutazama.

"Mzee, hii barua iko ya chuo ingine," alisema kwa upole. "Na mwaka yake ilipita zamani sana."

"Muhuri iko?"

"Iko, mzee."

"Nani alifuta?"

"Hapana mutu alifuta, lakini..."

"Basi. Amri hapana kufa mpaka mukubwa afute."

Hapo ndipo nilipoelewa. Jeshini amri ikitolewa hubaki amri mpaka aliyeitoa aiondoe, hata kupite miaka, hata serikali ianguke. Chuo kilimwita binti yake. Yeye aliizuia safari, wito hakuufuta. Alikuwa anangoja tu barabara iwe salama na kambi iwe na geti. Godoro na ndoo navyo vilikuwa vimeagizwa na barua, pamoja na shuka mbili alizozikunja mraba ndani ya ndoo. Nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini amri ni amri.

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kuifuta, alivuta droo akatoa fomu. Kulikuwa na mtihani wa kuingia kwa watu wazima, mwezi uliofuata. Nilitaka kusema nimezeeka, nina kibanda, nina watoto. Baba akaniwahi. "Andika," alisema, na mkono wangu ukaandika wenyewe kama wa mtoto aliyesimama kando ya kitanda.

Nilifaulu. Barua ya zamani Baba aliirudisha kotini, akisema nitaipata nikimaliza. Hisabati ya mwaka wa kwanza ilinipiga makofi ya kulia na kushoto. Vijana niliokuwa nikiwapakulia maharage jana yake wakawa ndio wananielekeza, wananiita Mama Maharage darasani, nami nawajibu kwamba asiyenifundisha vizuri leo hatapata mchuzi kesho. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeijua tangu ujana. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema ukawie kiasi gani, nami nikawashukuru kwa hilo.

Kila Ijumaa baada ya sala Baba alipiga simu na kusema neno moja: "Ripoti." Nikatoa ripoti. Lakini ukungu wa macho ulizidi, na nilipofika mwaka wa mwisho alikuwa akiwajua watu kwa sauti. Hofu ikaniingia: ataondoka kabla sijamaliza, na lile neno nililongoja aondoke nalo.

Alikuwepo. Alifika Arua siku moja kabla ya mahafali, akataka kulikagua joho. Akalipapasa toka bega mpaka pindo.

"Imelegea," akatoa hukumu.

Asubuhi niliporudi kutoka kusukwa nywele nikakuta ameshachemsha uji wa unga wa muhogo, amelitumbukiza joho zima humo likakamae kama sare ya gwaride, na anamalizia kulipiga pasi ya mkaa. Hakuyahitaji macho kwa kazi hiyo. Mikono yote ya joho ilikuwa na mstari wa kukata kidole, na lilipowekwa chini lilisimama peke yake. Nililia kwa kucheka. Kwenye foleni nilitoa sauti ya gazeti kwa kila hatua, na kijana aliyenitangulia aliniuliza kama nimevaa boksi. Jina langu liliposomwa nilikwenda mbele nimenyooka kuliko mtu yeyote, maana kupinda nisingeweza.

Nyumbani shangazi zangu wa Koboko walikuwa wameshaanza doluka, dansi yetu ya sherehe, ngoma zinalia, vigelegele mpaka barabarani. Baba akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Akasimama mbele yangu, visigino pamoja.

"Jeshini mutu anachelewesha barua ya mutu, anapata adhabu," alisema. "Hii ya kwako, mimi nilichelewesha. Kosa iko yangu. Toa adhabu."

Na kweli akaanza kukunja magoti aruke kichura, mzee wa umri ule, shangazi wakapiga yowe na kumshika. Miaka yote ile nilikuwa nimejiandalia la kujibu neno hilo likija. Lilipokuja, lililonitoka ni jingine.

"Isome, Baba," nikasema. "Adhabu ni hiyo. Isome yote, watu wasikie."

Akaitoa barua, akaikunjua, akaiinua mbele ya uso. Akaanza kwa Kiingereza chake cha kambini, polepole, mstari kwa mstari: tunafurahi kukujulisha, ualimu wa hisabati, siku ya kuripoti. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikaitazama karatasi. Alikuwa ameishika juu chini. Hakusita popote. Alifika mpaka kwenye orodha: godoro moja, shuka mbili, ndoo moja. Akataja cheo cha aliyetia sahihi. Akaikunja palepale penye mikunjo yake ya zamani.

"Adhabu imekwisha, mwalimu?"

"Bado, Baba," nikamwambia, machozi yananiingia mdomoni. "Rudia."

Akarudia.